Mistari Minne Nyuma ya Kitabu cha Maporomoko

Maktaba ya parokia yetu ina sheria moja ambayo sijaiona kwingine, ingawa kwingine sijafika sana. Ukirudisha kitabu, mzee anayeilinda, ambaye kama wazee wote huku tunamwita papa, hakupi kingine mpaka uandike maoni yako kwenye karatasi aliyoibandika ndani ya jalada la nyuma. Mistari minne, si chini ya hapo, na sahihi. Kabla ya kustaafu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwake mtu anayekula na kuondoka bila kusema chakula kilikuwaje hana adabu. Ukiandika "kizuri" tu, anakurudishia kalamu.

"Kizuri namna gani, mama? Sahani ya pondu nayo ni nzuri. Kiatu ni kizuri. Eleza."

Basi naeleza. Vitabu karibu vyote ni vya Kifaransa, lakini maoni naandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kifaransa changu kiliishia mwaka wa nne wa sekondari, mama alipougua macho na cherehani yake ikataka mtu mwingine wa kuikalia. Tangu hapo mimi ni fundi wa nguo kwenye baraza letu, na nasoma wateja wasipokuwepo. Kabla ya kuandika kwenye karatasi ile naandika kwanza kwenye daftari langu, nalala nayo, asubuhi nafuta nusu, ndipo naenda kunakili. Karatasi inasomwa na watu. Daftari ni langu peke yangu. Haya ninayoyasema nayaandika humo.

Katika mvua zilizopita nilisoma vitabu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa riwaya nene ya mke wa waziri katika mji mkuu mmoja ambao mwandishi hakuutaja. Mke anagundua kuwa mumewe ana nyumba ya pili, na kuanzia hapo analia kwenye gari, kanisani, kwa mtengeneza nywele. Kwenye daftari niliandika kuwa mwanamke huyu analia kupita kiasi. Kesho yake akaja mteja kupima gauni, na nikiwa nimemzungushia pini kiunoni akaanza kunieleza habari za mume wake, akalia, akashindwa kujifuta kwa sababu nilimwambia asisogee. Wengi wamelia hivyo mbele yangu, na sikuwahi kuona ni kupita kiasi. Nikafuta. Kwenye karatasi nikaandika: "Mke huyu analia sana, lakini labda msomaji ndiye aliyechoka." Nikaongeza mistari mingine kuhusu mtengeneza nywele, ambaye ndiye aliyenifurahisha.

Cha pili kilikuwa hadithi ya kale iliyosimuliwa upya, ya mwindaji aliyeoa binti wa nyoka wa mto. Naijua kutoka kwa bibi, mama wa baba yangu, aliyekuja huku kutoka Maniema na hadithi zake zote. Kwa bibi mwindaji ndiye mwenye maneno. Kitabuni anayesema ni binti wa nyoka, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na mwindaji ni mtu wa kuingia na kutoka na upinde wake. Nilikasirika kwa niaba yake. Lakini kitabu hicho nilikuwa nimekisoma jicho moja likiwa kwenye sare za shule, nikaona si haki kukihukumu hivyo, nikakisoma tena. Mara ya pili ndipo nikakumbuka kuwa kwa bibi yule mke hasemi hata neno moja, na sikuwahi kukasirika kwa niaba yake. Nikaliandika hilo hilo. Papa wa maktaba alilisoma mbele yangu, miwani yake ikiwa imeshuka puani, na kwa mara ya kwanza hakusahihisha kitu. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na furaha ambayo sikumwambia mtu. Huenda kiburi kiliniingia siku hiyo.

Cha tatu ndicho kitabu cha maporomoko.

Hapa lazima nieleze mimi ni nani. Baba yangu alikuwa mtu wa Maniema. Mama alitoka kwa wavuvi wa maporomoko, hapa hapa Kisangani, wale wanaosimamisha nguzo katikati ya maji makali na kutundika vikapu vikubwa vya kunasia samaki. Kwa hiyo kwa ndugu za baba mimi ni wa maporomoko, na kwenye maporomoko mimi ni wa Maniema. Kaka mkubwa wa mama yuko hai. Ninamwita tonton, na ndiye aliyenishika mkono siku zote mbili za kuwazika wazazi wangu.

Wavuvi wale hawana hati za mahali pao majini. Kila ukoo unajua nguzo zake kwa hadithi. Ya kwetu ni ya ndugu wawili waliofika wa kwanza. Mkubwa aliyaangalia maji, akaona pale katikati yanapobanwa na mawe, akamtuma mdogo msituni akate kamba za mwitu. Mdogo aliporudi alikuta nguzo ya kwanza imesimama. Mkubwa akasema, hapa ni pangu, wewe kaa pembeni. Tonton ni wa uzao wa mkubwa, ndiyo maana mahali pa katikati ni pake, na binamu yake, ambaye ni wa uzao wa mdogo, ana mahali pa pembeni. Samaki wengi hupita katikati.

Kijana aliyeandika kitabu alikuja miaka michache iliyopita na simu ya kurekodi, akakaa kwa tonton siku tatu akila samaki wake. Alikuwa kijana mwenye heshima. Lazima niseme hivyo, kwa sababu baadaye nilisema mbele ya watu kwamba ametunga. Kitabu kilipotoka alituma nakala moja, na kwa kuwa kwa tonton hakuna anayesoma Kifaransa, waliipeleka maktaba ya parokia ikae salama.

Kitabuni, sura ya tisa, ni mdogo anayesimamisha nguzo. Mkubwa anaogopa maji. Mdogo anajifunga kamba kiunoni, anampa mkubwa ncha nyingine, anaingia. Mkubwa anashika kamba ile tangu asubuhi mpaka jua linashuka. Watu wanapofika, mkubwa anasema: nguzo ni yangu. Mdogo anafungua mdomo amkane, halafu anaona viganja vya kaka yake. Ngozi yote imetoka. Mdogo anaufunga mdomo wake, na hausemi tena ukweli huo mpaka anakufa.

Nilisoma ukurasa ule nikaiacha cherehani. Sijui kama ni ukurasa mzuri kweli au kama ni mimi tu, mtu wa kulia haraka. Nililala nao siku mbili. Kisha nikanakili kwenye karatasi ya nyuma maneno haya, nayaandika hapa yalivyo bila kupunguza:

"Mwandishi amefanya vizuri kumpa mdogo nguzo ya kwanza. Hadithi hii nimezaliwa nayo na yule mkubwa wa nyumbani sikuwahi kumpenda, kazi yake kutuma wenzake. Huyu mdogo anastahili mahali pale. Sura ya tisa imeniliza."

Nikatia sahihi. Papa wa maktaba akasoma, akasema, "Bon, vizuri. Sasa unajua kuchagua." Nikaondoka na kitabu kingine.

Mwaka huu maji yalipanda kuliko tulivyozoea, na yaliposhuka, mahali pa katikati hapakuwa na kitu. Nguzo zote zilikuwa zimekwenda, hata vile vipande vinavyobaki vimekwama kwenye mashimo ya mawe. Nguzo zikiwepo hakuna anayeuliza ni za nani. Zikiondoka, maneno ya mahali ni pa nani yanaanza.

Jumapili moja, baada ya misa, binamu wa tonton alikuja barazani kwangu. Ni mtu mcheshi, mwenye tumbo, anayejua kusalimia; fundi wa nguo kwake ni kutirie.

"Mama kutirie! Cherehani inalala leo?"

"Inasali, papa. Karibu kiti."

"Nimekuja kusema aksanti. Umetusaidia sana."

Nilidhani ni suruali niliyomrekebishia. "Ni kazi yangu, papa."

"Si suruali. Ile uliandika." Akakaa. "Mutoto wangu, yule wa chuo, alikamata ile kitabu kule parokia. Akanisomea. Akafika nyuma, akasema, papa, angalia, mutoto wa dada ya kaka yako mukubwa naye anasema vile vile. Nikamwambia, rudilia. Akarudilia mara tatu." Akainua kidole, akayasema kwa moyo, bila kukosea: "*Huyu mdogo anastahili mahali pale.*"

Ndipo nikaelewa anataka mahali pa katikati. "Papa, ile ni maoni juu ya kitabu."

"Njo nasema, ndiyo hiyo nasema! Kitabu inasema, na wewe wa upande wao unasema. Alors, sasa nani amebaki?" Akacheka, akanipiga gotini kwa kiganja kama mtu anayemsifu mtoto. Hakuwa na ubaya usoni. Kama angekuwa nao ingenisaidia.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa papa wa maktaba kabla hajafungua. Nilimwomba aibandue karatasi ile, au aniachie nifute mistari yangu.

"Ulidanganya?" aliuliza.

"Hapana."

"Ulilewa?"

"Papa!"

"Basi unafuta nini?" Alikuwa akifuta vumbi kwenye rafu kwa kitambaa, hakugeuka. "Nikikubali kwako, kesho watakuja wote kufuta. Kila mtu ana kitu aliandika."

"Niongeze basi mistari mingine. Nieleze."

Akachukua kitabu, akafungua nyuma, akanionyesha. Karatasi ilikuwa imejaa. Yule mtoto wa binamu, binti wa chuo, alikuwa ameandika chini yangu, kwa Kifaransa kizuri, na baada yake watu wawili zaidi. Nafasi iliyobaki ilitosha jina tu.

"Na hata ingekuwepo," alisema kwa upole, "msomaji mmoja, maoni mara moja. Ni wewe mwenyewe ulinisifu kwa sheria hii."

Ni kweli nilimsifu. Nilikichukua kitabu, kwa kuwa hakikuwa na mtu, nikaenda nacho nyumbani. Nilidhani kikikaa kwangu hakitafika kwingine. Hilo lilikuwa wazo la kijinga, kwa sababu binamu alikuwa na maneno yote kichwani, lakini nitafanyaje, ndivyo nilivyowaza.

Nikamtafuta mwandishi. Nambari yake ilikuwa kwenye simu ya binti wa tonton. Nilimwandikia mambo yote, kwa urefu, nikamwomba aseme kwa sauti yake kwamba sura ya tisa aliitunga. Jioni hiyo hiyo alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Kinshasa, nyuma yake zikilia honi. Alinishukuru. Alisema hajawahi kupata msomaji kama mimi. Alisema ana huzuni kusikia habari za maji, anamsalimu sana mzee. "Lakini mama, kitabu kikishatoka, si changu tena. Ni chenu, wasomaji." Nilisikiliza mara tatu nikitafuta ndani yake kitu cha kumpelekea tonton. Salamu tu ndizo zilizokuwa za kubeba.

Nikazibeba. Tonton alikuwa ameketi nje akisuka kikapu kipya, kikubwa cha kumzidi yeye. Alisuka kama mtu mwenye mahali pa kukitundika.

"Nasikia uliandika kitu," alisema.

"Niliandika, tonton."

"Yule kijana nilimulisha siku tatu. Alisema ataandika vile niko nasema."

"Tonton, ile ni roman."

"Roman ni nini?"

Nimesoma vitabu vingi kuliko watu wote wa barabara yetu, na swali hilo sikuwahi kuulizwa. "Ni hadithi ambayo mtu anatunga."

"Miye sikutunga. Nilipokea kwa papa yangu."

"Wewe ulimpa, yeye akaongeza vitu."

"Sawa na supu?"

"Sawa na supu."

Alivuta kamba, akaikaza kwa jino. "Sasa ni supu ya nani?"

Akanionyesha kwa kidevu rundo la kamba, nikaanza kumpitishia moja moja.

Mkutano wa kuamua mahali pa katikati ni pa nani ulifanyika asubuhi ya Jumamosi, chini ya kibanda wanachorekebishia nyavu, mbele ya chef, yaani mkubwa wa wavuvi wote wa pale. Watu walikuwa kama thelathini. Binamu alikuwa ameomba kitabu kiletwe, na chef akasema aliye nacho akisome. Aliye nacho nilikuwa mimi. Ujanja wangu wa kukificha ndio ulionisimamisha pale.

Nilisoma sura ya tisa nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo. Nataka kuwa mkweli hapa. Nilipofika kwenye sentensi ya nguzo, niliona naweza kumweka mkubwa palipoandikwa mdogo. Neno moja tu. Ni binti wa chuo peke yake angejua, naye alikuwa ameketi nyuma, na sidhani angenisimamisha mbele ya wazee. Nilimtazama tonton. Alikuwa ananitazama mdomo, kama watu wasiosoma wanavyomtazama anayesoma, akiamini kila kinachotoka. Nikasoma kilichoandikwa.

Pakawa na minong'ono. Chef akauliza, "Mama, hii kitabu ni ushahidi?"

"Hapana, chef. Imeandikwa juu kabisa kuwa ni roman. Ametunga."

"Ni uongo basi?" akauliza binamu. "Mutu gani anaharibu makaratasi mingi namna ile juu ya uongo?"

Watu walicheka, hata mimi nusura nicheke.

"Si uongo, papa," nikasema, na nikaona tonton amegeuka upande wangu. "Si uongo. Lakini si ushahidi pia."

"Chagua moja, mama," alisema chef.

Nilisimama pale kidole kikiwa katikati ya kurasa. Ni swali la haki. Nilichoweza kusema ni kwamba ukurasa haujaisha, wanisikilize mpaka kwenye viganja. Nikasoma vile viganja. Nilidhani kwa hayo nitamsaidia tonton, wataona mkubwa naye alifanya kazi, alishika kamba siku nzima. Na kweli mama mmoja muuza samaki alisema kwa sauti, "Kumbe na mukubwa alitumika!" Lakini mwingine akamjibu, "Alitumika kushika kamba. Nguzo ni ya nani?" Wakaanza kubishana juu ya kamba na nguzo kama watu waliokuwepo siku hiyo.

Chef akawanyamazisha. Akaninyang'anya kitabu, akafungua jalada la nyuma. "Na hii ni mukono yako?"

"Ni wangu."

"Unajuta?"

Tonton alikuwa ameinamisha kichwa. Najua alichotaka. Neno moja, ninajuta, na binamu angebaki na kitabu tu bila mimi.

"Najuta kwamba yamesomwa hapa, chef. Maneno yenyewe niliyasema juu ya kitabu. Sikuyasema juu ya nguzo."

"Kitabu iko juu ya nguzo, mama," alisema binamu, bila kucheka safari hii, karibu kwa huruma.

Nikakaa.

Uamuzi wa chef nautoa bila kupunguza. Alisema kitabu hakihesabiwi, wala maoni ya nyuma. Alisema jambo ni mikono. Watoto wawili wa kiume wa tonton wako Bafwasende kwenye dhahabu, wa tatu ameoa Banalia na anavua huko, na nguzo za katikati haziwezi kusimamishwa na mzee mmoja kabla maji hayajapanda tena. Kwa hiyo msimu huu mahali pa katikati pawe pa upande wa mdogo, wampe tonton samaki wa kula, na watoto wake wakirudi maneno yafunguliwe upya. Tonton alikubali kwa kichwa. Hakuna aliyepiga kelele.

Ni uamuzi wa haki. Hata mimi ningeamua hivyo. Ila tangu aliponinyang'anya kitabu mpaka alipomaliza kusema, chef alikuwa amekipakata mapajani, na kidole chake kilikuwa ndani ya sura ya tisa. Sijui kusoma vidole vya watu. Labda alikiweka pale kisifunguliwe na upepo. Hiyo ndiyo shida yangu mpaka leo: kama mistari yangu ndiyo iliyomtoa tonton, ningejua la kujilaumu. Kama siyo, ningepumzika. Nimeandika kurasa sita za daftari nikipima upande huu na huu, na kila upande una sababu zake.

Alasiri ya siku ile, nikiwa nimerudishiwa kitabu, nilimfuata tonton nyumbani kumwomba msamaha. Alikuwa anakula lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki wa jana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono.

"Soma tena," alisema.

"Nini, tonton?"

"Ile yote. Pale kulikuwa kelele."

Nikakaa chini nikasoma taratibu. Kwenye mkubwa anaogopa maji aliguna. Kwenye mdogo anajifunga kamba alisahihisha namna ya kufunga, alisema ile itamkata mtu mbavu. Kwenye viganja aliinua mkono nisite.

"Rudilia."

Nikarudia.

"Hii ya mikono sikumwambia."

"Najua."

"Na papa yangu hakuniambia." Alitazama viganja vyake, vigumu kama gome. "Lakini kamba inachoma vile. Yule kijana alijua wapi? Hakushika hata moja. Alikuwa anakula tu."

Nikamuuliza, na sijui kwa nini nilimuuliza mtu aliyepoteza kitu siku hiyo, kama hadithi ya kijana ni mbaya. Akasema, "Haiko mbaya. Njo maana nakasirika."

Ni maoni ya haki kuliko yote niliyowahi kuandika mimi nyuma ya vitabu, na hayafiki mistari minne.

Wiki mbili baadaye siku za kitabu ziliisha. Nilikitia kwenye mfuko nikirudishe, lakini nikapitia kwanza maporomoko, kwa sababu nilisikia upande wa binamu wanasimamisha nguzo. Niliwaza nitamkuta tonton ndani kwake, mlango umefungwa, nikae naye.

Hakuwa ndani. Alikuwa kwenye jiwe, miguu ameitanua, kamba ya mwitu imemzunguka mgongoni na kupita kwenye viganja vyake viwili, na mwisho wa kamba, kwenye povu, mtoto mkubwa wa binamu alikuwa amekumbatia nguzo akitafuta shimo kwa miguu. Wengine wawili walikuwa wakishika nyuma yake, lakini waliomtazama tonton kujua lini wavute na lini walegeze ni wote, hata binamu, aliyekuwa amevua shati.

"Musukume chini!" tonton alikuwa akipiga kelele. "Chini, si pembeni! Nani alikufundisha, kitabu?"

Watu walicheka. Binamu alicheka sana. Sikuweza kujua kama tonton naye anacheka, kwa maana uso wake ulikuwa wa kazi. Kila mtu pale alikuwa amesikia sura ya tisa kwa mdomo wangu, na hakuna aliyeitaja. Mimi nilisimama na mfuko wangu kwapani, sina pa kushika.

Nguzo ilipokaa, ilikaa pale pale, mahali petu. Walimpigia yule mtoto makofi. Tonton alilegeza kamba taratibu, akapanda kunifikia, akakaa juu ya jiwe kavu. Viganja vyake alivifumba, akaviweka katikati ya magoti. Sikuomba kuviona.

"Unarudisha?" aliuliza, akitazama mfuko.

"Ninarudisha."

"Yule papa atakuandikisha tena?"

"Karatasi imejaa, tonton. Na nilishaandika."

Akatikisa kichwa. Chini walikuwa wameanza kuleta nguzo ya pili, wakimwita. Alisimama, akajishika kiuno, akasema bila kunitazama, "Hii ya leo usiandike kule."

Kule sikuandika. Nilimpa papa wa maktaba kitabu chake, akanipa kingine, nacho bado sijakifungua. Nimeandika hapa, kwenye daftari, ambalo ni langu peke yangu. Sijui kama tonton angeona ni jambo lile lile.